Vibonge Viwili vya Kijani

Walinipigia simu wawili asubuhi moja, baba na binti yake, kila mmoja kwa siri ya mwenzake. Baba alitangulia. "Binti, ile skana yako ndogo unayo bado? Niletee hapa nyumbani, Hail, Ijumaa, baada ya sala. Nina kitu cha kugawa." Kugawa kwake yeye ni kugawa rangi. Miaka yote niliyofanya kazi chini yake sikuwahi kumsikia akilitumia neno hilo kwa jambo jingine. Hata keki ya afisini alisema ikatwe.

Simu sijaiweka chini akapiga binti yake wa mwisho, yule aliyekuwa akingojea kuolewa. "Dada, Baba atakutaka skana. Nakuomba usimletee. Mwambie imeharibika, mwambie imeibiwa, mwambie lolote." Nikamuuliza kuna nini. Nikasikia mlango ukifungwa, kisha akanieleza kwa sauti ya chini.

Mama yao, Mungu amrehemu, alifariki akiwa anamshonea mumewe kofia ya mkono, ya kuvaa siku ya ndoa ya huyu binti. Hakuimaliza. Kwenye sanduku lake la ushonaji vimebaki vibonge viwili vya uzi, na vyote viwili vina kijikaratasi kilichoandikwa "kijani" kwa mkono wake. Kimoja ni cha kijani kweli. Kingine ni cha kahawia. Mwaka wake wa mwisho marehemu alikuwa hazioni tena rangi, sukari ilikwisha kumfika machoni, na alimwapisha bintiye asimwambie baba. Sasa baba amejitia kuimalizia kofia mwenyewe na anataka kujua atumie kibonge kipi. Kwa macho hawezi kujua, kwa sababu naye kijani na wekundu hakuzaliwa navyo.

"Akiviweka kwenye hiyo mashine yenu atajua kila kitu," alisema binti. "Mama kaondoka hali ya kuwa siri yake iko salama. Usije wewe ukaitoa, Dada."

Nilikuwa na siku mbili tatu za kufikiri. Badala ya kufikiri nilimkumbuka mtu mwenyewe, na nikimkumbuka yeye huwa sina haraka.

Afisini tulimwita Mkuu. Alikuwa mkuu wa chumba cha picha katika afisi ya ramani hapa Maskati, ambayo sitaitaja, chumba kirefu kisicho na madirisha, chenye kiyoyozi kilichotuvalisha sweta mwezi wa Juni. Kazi yetu ilikuwa kupokea picha za setilaiti na ramani za zamani zilizopigwa skana, kuzigawa, na kutoa humo barabara, mashamba, nyumba, na mawadi yanayopitisha maji ya mvua. Picha yoyote ya rangi kwenye kompyuta, iwe ya milima au ya harusi, ni gridi ya vijiboksi, na kila kijiboksi kina namba tatu: ya wekundu, ya kijani na ya buluu. Kugawa ni kuzitenganisha namba hizo zikawa picha tatu, matabaka matatu, kila moja la kijivu kitupu. Penye wingi wa rangi ile panakuwa peupe, penye uchache panakuwa peusi. Watu wengine wakishapata walichokitaka huyaunganisha tena matabaka ili waione picha nzuri. Mkuu alikuwa haunganishi. Meza yake ilikuwa na vioo vitatu vya kompyuta, kila kimoja na kijivu chake, na alivitazama kwa zamu, kimoja kimoja, kama mtu anayesikiliza wake watatu wakimshitaki jirani.

Mgeni yeyote wa chumba chetu alipewa mtihani uleule. Alipewa ramani ya zamani ya Maskati, mawadi yake yamechorwa kwa wino wa buluu, akaambiwa ayatoe. Mgeni hugawa, kisha kwa furaha hufungua tabaka la buluu. Tabaka la buluu ni jeupe. Mawadi hayamo. Mgeni hufunga, hufungua tena, hutazama huku na huku, na moyoni huanza kutunga barua ya kuacha kazi. Mimi niliamini nimefuta maji ya nchi nzima siku yangu ya pili, nikakaa hadi wakati wa chai nikingoja kukamatwa.

Alikuja, akasimama nyuma yangu na kikombe chake. "Karatasi nyeupe imejaa buluu," alisema. "Wino wa buluu nao umejaa buluu. Vyote viwili vyeupe, kimoja kimemezwa na kingine. Wino huu unakosa nini?" Nikasema unakosa wekundu. "Basi nenda kwenye wekundu." Nikafungua tabaka la wekundu, na mawadi yote yalikuwepo, meusi, kuanzia milimani hadi baharini. "Umekitafuta kitu pale kilipojaa," alisema. "Kitafute pale kinapokosekana." Nililiona ni neno kubwa na nikaliandika. Baadaye nikaja kujua kwamba anawaambia wageni wote, kwa maneno yaleyale na kikombe kilekile.

Neno lake jingine lilikuwa kwamba rangi ni nguo. Alilisema hasa kuhusu ramani za miinuko, ambazo nazo ni gridi, ila kila kijiboksi kinabeba namba moja tu, urefu wa pale mahali. Rangi huvishwa baadaye ili mtu aweze kuisoma: bonde la kijani, mchanga wa manjano, mlima wa kahawia, kilele cheupe. Mwenzetu mmoja, aliyesoma nje na akarudi na mkoba mzuri, aliigawa ramani ya namna hiyo, akalichukua tabaka la wekundu akidhani ndio urefu wenyewe. Alikuwa akitafuta mahali pa juu pa kuweka tangi la maji ili maji yateremke kwa uzito wake. Sasa manjano ya mchanga yana wekundu mwingi, kama ulivyo weupe wa kilele. Mashine ikamchagulia ufuo wa Yiti.

Mkuu aliisoma ripoti yote, pamoja na mchoro wa mabomba. "Wavuvi watafurahi," alisema, akamrudishia. Tangu siku hiyo mwenzetu yule aliitwa Sheikh wa Yiti, na anaitwa hivyo mpaka leo, ingawa amekuwa mkurugenzi mahali pengine.

Sasa hayo macho. Kwa Mkuu, nyanya iliyoiva na nyanya mbichi zilikuwa nyanya tu. Mkewe alimtuma sokoni kwa ukaidi, labda kwa kuamini kwamba iko siku atapatia, naye akarudi kila mara na mfuko wa nyanya mbichi zilizochaguliwa kwa makini, zote ngumu na zote za kijani. Mkewe alizitia achari. Achari ile ilikuwa tamu sana. Alituletea afisini kwa chupa, tukala na mkate, na hakuna aliyewahi kuuliza nyumba gani hii yenye nyanya mbichi mwaka mzima. Taa za barabarani alizijua kwa mahali pake: ya juu simama, ya chini nenda. Aliendesha vizuri kuliko sisi tunaoziona rangi, kwa sababu hakuwahi kuamini kwamba amezisoma sawasawa.

Hakuna aliyeambiwa. Mimi nilijua wiki yangu ya kwanza, aliponirudishia ripoti yangu imejaa alama za kalamu ya kijani. "Nimekuwekea nyekundu," alisema, "ili uyaone makosa." Nikamwambia nimeyaona, Ustadh. Nilipowatazama wenzangu, kila mtu alikuwa ameinamia kazi yake kwa bidii ambayo sikuwahi kuiona tena chumbani mle.

Ungesema basi mtu huyu asikaribie ramani za kuchapishwa. Kinyume chake, hakuna ramani iliyotoka kwetu bila saini yake upande wa rangi, na wakubwa waliotuagiza kazi walimsifu kwa jicho lake. Utaratibu wake ulikuwa huu. Chapa ya majaribio ikitoka, aliikunja, akaitia garini. "Nitalala nayo," alisema. Asubuhi aliirudisha na maagizo. Kijani cha mashamba kimekaa kama supu ya jana, kifufueni. Buluu ya bahari inapiga kelele, ishusheni. Wekundu huu wa barabara ni wa kanga iliyochuja, tafuteni mwingine. Tulirekebisha, na ramani ikawa nzuri kweli. Mwanamume aliyeishi kwa namba na kijivu siku nzima, usiku mmoja tu nyumbani kwake akarudi anazungumza kama fundi wa cherehani. Hapo pia tuliinamia kazi.

Mkewe nilimjua kwa sikukuu, nilipokwenda Hail kuwasalimu. Alikuwa mtu wa Unguja, mnene, mcheshi, kofia za mkono ndiyo kazi yake. Vitobo vyake vilikuwa vidogo na sawasawa, ukivitazama unaona aibu kwa mikono yako mwenyewe. Mumewe watu wake walikuwa wa bara, kando ya reli, na mke hakumwacha apumue kwa hilo.

"Nina njaa," mume alisema siku hiyo.

"Nna njaa," mke akamsahihisha bila kuinua kichwa. "Hicho chako Kiswahili kilichopanda treni."

"Kimepanda treni na kimefika," mume akajibu. "Chakula kiko wapi?"

Alikuwa akishona huku tunazungumza. Akanyoosha mkono pembeni, hatazami. "Nipe kijani." Mume akainamia sanduku la nyuzi. Kila kibonge kilikuwa na kijikaratasi kilichobandikwa na kuandikwa rangi yake. Akasoma kimoja kimoja kwa miwani yake, akampa. Mke akakitazama, akatia uzi sindanoni, kisha akanigeukia mimi. "Huyu mume wangu ana jicho la rangi, masha Allah. Nyinyi afisini si mnajua?"

"Tunajua," nikasema.

Mkuu alikuwa akitazama ndani ya kikombe chake cha kahawa, na kilikuwa kitupu. Nadhani ile ndiyo siku niliyompenda yule mama. Alisimama mlangoni pa siri ya mumewe miaka yote ile, akiwapungia mkono wapita njia ili wasichungulie ndani. Kwamba sote tulikuwa tumeshachungulia, hakujua, na sisi hatukumwambia.

Alikuwa na ugumu wake pia, Mkuu, nisimpake sukari. Hakuvumilia mtu kuchelewa, naye mwenyewe alichelewa kila Jumatatu. Alituhubiria habari ya afya na droo yake ilikuwa na halua. Hakuruhusu picha ya simu iingie chumbani kwa kazi yoyote. Alisema simu huona sura ya mtu imechoka ikaipaka uzuri bila kuombwa, na kitu kinachokuambia uongo wa heshima hakifai kupima. Skana, alisema, haina adabu, na kwa hivyo aliiamini. Sherehe ya mwaka mpya wa Kiislamu tulipopiga picha ya pamoja kwa simu ya mtu wa mapokezi alikubali kusimama, lakini alifumba macho kwa makusudi.

Mwaka wake wa mwisho afisini mambo yalianza kubadilika kidogo kidogo. Kwanza kofia. Kila mtu alijua kwamba kofia zake huchaguliwa nyumbani, zinakaa pamoja na kanzu kwa namna ambayo mwanamume peke yake haiwezi. Ghafla akaja amevaa kanzu ya rangi ya maziwa na kofia yenye maua ya ndimu na zambarau. Siku ya pili waridi na chungwa. Kijana wa mapokezi alidhani ni mtindo mpya, akaagiza ya namna ileile, na kwa muda walikuwa wawili.

Kisha chapa za majaribio zikaanza kurudi bila supu na bila kanga. "Zuri," alisema. "Pigeni." Hatukujua tufurahi au tuogope. Ikaja ramani ya mafuriko ya upande wa Ansab, nyumba zilizo njiani kwa maji kwa wekundu, nyumba zilizo salama kwa kijani. Mtambo wetu ulikuwa umeishiwa wino, chapa ikatoka nyumba zote rangi moja ya tope, za hatari na za salama. Tuliicheka, tukampa, tukingoja asubuhi tusikie maneno. Asubuhi akasema, "Zuri. Pigeni."

Tulitazamana. Sheikh wa Yiti, ambaye wakati ule alikuwa bado kwetu, aliinuka kwanza, akaenda kununua wino. Tukaipiga upya, tukampa aisaini, akaisaini akiamini ndiyo ileile aliyolala nayo. Sikuona ajabu wakati ule. Nilidhani anakaribia kustaafu na amechoka. Hata katika kuagana, tulipomwandalia keki ya kijani na nyekundu bila mtu yeyote kufikiri, aliisifu.

Hiyo ndiyo habari ya mtu aliyekuwa akinitaka skana. Miezi michache baada ya kustaafu mkewe akafariki. Nilikwenda tanzia, nikamkuta amekaa na wanaume uani, kofia nyeupe tupu kichwani, isiyo na ua hata moja. Nilielewa mara moja kwa nini ni nyeupe, na sikuweza kukaa muda mrefu.

Ijumaa niliichukua skana. Sikuwa na hoja nzuri ya kumpa yule binti. Aliyenifundisha kugawa alikuwa akiniomba kugawa, na uongo wa skana iliyoibiwa angeujua kabla sijaumaliza. Na lipo jambo jingine. Niliona tumemficha inatosha. Mkewe kamficha, bintiye kamficha, sisi chumba kizima tumemficha kwa wino wa kununua, kila mtu kwa mapenzi, mpaka mtu mwenyewe amebaki peke yake katikati ya watu wanaomjua.

Binti akanifungulia mlango, akautazama mkoba wangu.

"Umeileta."

"Nimeileta."

"Haya," akasema, akaenda jikoni, nikasikia vyombo vikiwekwa kwa nguvu.

Mkuu alikuwa ameshatayarisha meza. Kifuniko cha juu cha kofia kilikuwa kimekwisha, duara zuri. Ukanda wa pembeni ulilala bapa, maua yamejipanga, na mwishoni robo yake ni tupu, imechorwa tu kwa penseli. Vibonge vilikuwa kando, kimoja kimebakia uzi wa kuzunguka kidole, kingine kimenona. Mimi nilivitazama nikaona kijani na kahawia, mbali mbali kabisa, kitu ambacho mtu hawezi kukosea. Yeye alivitazama palepale nilipotazama mimi.

"Nimemuuliza huyu mtoto kipi," alisema. "Akaniambia chochote, Baba, ni sawasawa. Amejibu haraka mno. Mtu hajibu haraka hivyo ila anataka uondoke."

"Ami," nikasema, kwa kuwa afisi ilikwisha na nilitaka kumwita kwa jina la nyumbani, "ungeweza kwenda sokoni Matrah ukamuuliza mwenye duka la nyuzi."

"Mwenye duka ataniambia rangi anayoiona yeye. Mimi nataka namba. Weka."

Nikauweka ukanda juu ya kioo cha skana, vibonge pembeni yake, nikafunika kwa buibui langu mwanga usiingie. Taa ikapita. Picha ikaja, akaigawa mwenyewe, vidole vyake bado vyepesi. Hakulifungua tabaka la kijani. Alikwenda moja kwa moja kwenye wekundu.

Vibonge vilitokea kwanza, juu ya kioo. Kimoja cheusi. Cha pili cha kijivu cheupe, maana kahawia ina wekundu mwingi. Havikufanana hata kidogo. Akavuta pumzi, akauteremsha mshale polepole juu ya ukanda. Maua meusi, meusi, meusi, kila moja sawa na mwenzake. Kisha likaja ua ambalo nusu yake ni nyeusi na nusu ni nyeupe. Baada ya hilo yote meupe, mpaka pale mkono ulipoachia.

Akarudi kwenye ua lile. Akasoma namba zake kwa midomo, upande huu, upande ule. Mimi nilikuwa natazama ukutani.

"Hapa kabadilisha uzi," alisema. "Katikati ya ua. Mke wangu habadilishi uzi katikati ya ua." Kisha akasema, "Kibonge hiki nilimpa mimi. Aliniambia nipe kijani. Nikasoma karatasi, nikampa."

Binti alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya kahawa. "Baba," akasema.

"Mama yako alikuwa haoni?"

"Rangi alikuwa hazioni. Maumbo akiona." Aliiweka sinia chini. "Kaniapisha, Baba. Kasema, baba yako akijuwa mimi sioni, nani atamtazamia rangi? Atakaa ndani, hatoki tena. Basi akawa anakisia. Zile kofia za asubuhi alikuwa akizipapasa tu."

Mkuu akanigeukia. "Ile ramani ya Ansab niliyomwonyesha."

"Tuliirekebisha, Ustadh." Jina la afisi lilinirudia lenyewe.

"Mlijua?"

"Ya Bi Mkubwa hatukujua. Yako tulijua."

"Tangu lini?"

"Mimi, tangu ile kalamu ya kijani."

"Hiyo ilikuwa wiki yako ya kwanza."

"Ndiyo."

"Na zile kofia nilizokuwa nikija nazo?"

"Kijana wa mapokezi alizipenda sana," nikasema.

Alilia kidogo, bila sauti, akijifuta kwa ukosi wa kanzu. Bintiye alikuja akakaa sakafuni akaegemea goti lake, naye akamwekea mkono kichwani. Alipomaliza alisema tulitazame na tabaka la buluu, maana kazi ya nusu hakuipenda maisha yake yote. Tukalitazama. Halikuwa na jipya.

"Kesho nitakwenda Matrah," alisema binti, "nikununulie kijani chenyewe. Pale alipokosea nitafumua, nishone upya. Muda upo."

"Usifumue."

"Baba, watu wataona. Siku ya ndoa yangu."

"Usifumue hata kitobo kimoja."

Akakichukua kile kibonge kilichonona, cha kahawia, chenye karatasi ya "kijani", akatafuta ncha ya uzi kwa ukucha. Kofia, alituambia, ni gridi kama gridi nyingine, kitobo kimoja kwa kijiboksi kimoja, na penseli ya marehemu ilikuwa imekwisha kuonyesha njia. Alichohitaji ni kujifunza kushika sindano. Nilipotoka nilimwacha amefunga uzi fundo la kwanza, bintiye akimwambia amelifunga kinyume. Nikakaa garini, nikawasha kiyoyozi, nikalia mpaka kioo kikaingia ukungu.

Siku ya ndoa wanaume walirudi kutoka msikitini wakaketi kwenye majlisi ya nje kula halua. Mimi nilikuwa kwenye mlango wa jikoni na masinia, mahali ambapo mtu huona na kusikia yote. Mkuu aliketi kichwani pa wageni amevaa kanzu ya buluu mpauko, na ile kofia. Vitobo vyake mwenyewe vilikuwa vikubwa na vimekwenda upande, kama vimetobolewa na mtu aliyekaa ndani ya gari linalotembea. Maua ya mbele yalikuwa ya kijani. Ya nyuma yalikuwa ya kahawia. Pale ubavuni, juu kidogo ya sikio, lilikuwapo ua moja la nusu kwa nusu.

Sheikh wa Yiti alikuwa ameketi karibu naye, mkurugenzi sasa, na mkoba ameuacha nyumbani. Aliitazama kofia muda mrefu kwa heshima. Hakuweza kujizuia.

"Ustadh, mabruk. Hii kofia imenishinda. Ina rangi mbili. Ni mtindo wa wapi huu?"

Mkuu alimalizia halua yake kwanza.

"Wewe unaona mbili?"

"Naona mbili. Kijani na kahawia."

"Zeni, vyema," alisema Mkuu. "Basi macho yako mazuri." Akaigusa ile sehemu ya ua, juu ya sikio, kwa kidole, akaiweka kofia sawasawa kichwani. "Mimi na mama yao tunaiona moja."